Kujituma Bila Nauli

Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, feni mbili kati ya sita zikizunguka, na mhamasishaji alikuwa amefika kwenye maswali. Binti mmoja akasimama nyuma kabisa. Akasema ni mwalimu wa kujitolea, huu mwaka wa tatu, anafundisha darasa la pili lenye watoto 140 na madawati yasiyotosha hata nusu yao. Aliuliza afanyeje ili wajue kusoma. Mhamasishaji alimtazama kwa upole wa daktari aliyekwisha kuuona ugonjwa huo mara nyingi. "Dada yangu, tatizo si idadi. Tatizo ni mtazamo. Wewe unaona watoto 140, mimi naona fursa 140." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Binti akakaa.

Na mimi nilipiga makofi. Mtu ukishalipa kiingilio cha elfu thelathini huwa mkarimu wa makofi. Makala haya nayaandika ili nirudishiwe yale makofi, maana kiingilio najua hakirudi.

Kwanza niieleze hoja yao kwa haki, kwa kuwa ina wafuasi wengi na si wote ni wapuuzi. Wanasema hivi. Chukua vijana wawili waliozaliwa kijiji kimoja, wakasoma shule moja, wakala mihogo ya shamba moja. Miaka ishirini baadaye mmoja ana ghala la mazao, mwenzake anakaa kijiweni akiilaumu serikali. Mazingira yao yalikuwa yale yale, kwa hiyo tofauti imo ndani yao: mmoja alikuwa na lengo na moto wa kulifukuzia, mwingine hakuwa nao. Wanaongeza kwamba aliyepewa lengo bayana hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa "jitahidi tu", na hapo wana ushahidi halali. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham walilichunguza jambo hilo kwa miongo kadhaa, na msingi wa matokeo yao bado umesimama. Isitoshe, hoja ina heshima yake. Ni afadhali kijana aambiwe maisha yake yako mikononi mwake kuliko aambiwe asubiri mgeni rasmi. Wahenga waliifunga kwa maneno manne tu: penye nia pana njia.

Sina ugomvi na lengo. Ugomvi wangu ni na neno linalolibeba lengo hilo hapa kwetu: kujituma. Limo katika matangazo ya kazi, katika hotuba za mahafali, katika kila lawama kwa vijana wa siku hizi, ambao inasemekana hawajitumi. Hebu lisikilize vizuri. Kutuma ni shughuli ya watu wawili. Bibi akikutuma dukani anakupa hela ya sukari, anakuelekeza duka, na ukichelewa anajua njia ina matope. Anayejituma amebeba nafasi zote mbili: ajipe hela mwenyewe, ajielekeze mwenyewe, na akirudi mikono mitupu ajichape mwenyewe. (Neno "mtumwa" nalo limezaliwa katika nyumba hiyo hiyo, lakini tusifike huko.) Swali langu kwa wahamasishaji ni moja, na nitaliuliza kila mara: nauli iko wapi?

Kwanza: asilimia tatu ambao hawakuwepo

Kila semina ina hadithi hii. Mwaka 1953 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliulizwa kama wameandika malengo yao. Asilimia 3 tu walikuwa wameyaandika. Miaka 20 baadaye wakatafutwa, na ikaonekana kwamba hao asilimia 3 wana mali kuliko asilimia 97 wote waliobaki wakijumlishwa.

Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Mwaka 1996 jarida la Fast Company liliufuatilia kwa wale wale walioupigia debe, kila mmoja akamsukumia mwenzake, na chuo chenyewe hakikuwa na habari nao. Mimi nimeusikia mara nne: mara mbili ukiwa wa Yale, mara moja wa Harvard, na mara moja wa "chuo kimoja kikubwa sana huko Marekani". Watu wanaotuhubiria nidhamu ya kufuatilia jambo mpaka mwisho wameshindwa kufuatilia hadithi yao ya ufunguzi.

Na Locke na Latham, ambao ni wa kweli? Ukiwasoma kupita ukurasa unaonukuliwa, utakuta wameweka masharti. Lengo gumu hufanya kazi pale ambapo mtu ana uwezo wa kazi yenyewe, anapata mrejesho wa anavyoendelea, na hakuna kizuizi kilichosimama katikati ya njia. Kwa lugha ya bibi, ni pale alipopewa hela ya sukari.

Pili: ndani ya nini?

Wanasema msukumo wa kweli hutoka ndani. Kisha mhamasishaji anatia mkono mfukoni, anatoa ufunguo wa gari, anauinua juu, na ukumbi mzima unaambiwa ufumbe macho na kulivuta gari la rangi uipendayo. Nikafumba. Nilichokiona ni kwamba katika mafundisho haya "ndani" ni ndani ya Land Cruiser.

Wanasaikolojia waliolianzisha wazo hili walikuwa wakizungumzia kitu kingine kabisa. Motisha ya ndani ni ile ya mtu anayefanya jambo kwa sababu jambo lenyewe linamvuta: fundi anayelainisha mguu wa meza ambao hakuna atakayeutazama, mtoto anayechora kwa kuwa kuchora ni kutamu. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliopenda kuchora. Kundi moja likaahidiwa cheti chenye nyota na utepe likichora. La pili likachora, kisha likapewa cheti bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Wiki chache baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani, bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Mchezo ulikuwa umegeuzwa kibarua, na kibarua bila malipo nani anakitaka?

Sasa linganisha na ukumbi wetu. Mtu anayekuambia uwaze gari, nyumba ya ghorofa na safari ya Dubai kila unapoamka anakufanyia kile kile walichofanyiwa watoto wa kundi la kwanza, kisha anakutoza kiingilio, kisha anakiita "kuamsha kilicho ndani yako". Edward Deci na Richard Ryan, ambao majina yao hayakosekani popote jambo hili linapozungumzwa kwa uzito, wanasema motisha ya ndani hulishwa na mambo matatu: kuona kwamba unalolifanya ni hiari yako, kuona unaliweza, na kuwa na watu wanaokujali. Hakuna hata moja linaloota kifuani peke yake kama nywele. Yote hutegemea msimamizi, darasa, familia, mshahara. Watu hao wawili walitafuta kilicho ndani ya mtu, wakajikuta wanaeleza anakokaa.

Kiswahili cha ofisini kililijua hilo zamani. Kwetu "motisha" ni fedha: walimu wanadai motisha, wauguzi wamecheleweshewa motisha. Sijawahi kuona bango la mgomo likidai motisha ya ndani.

Tatu: chaki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ya yule binti.

Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10 za Tanzania, na watafiti wakaufanya jaribio halisi. Shule za kundi la kwanza zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, zinunue vitabu, chaki na vinginevyo. Katika kundi la pili hakukuwa na ruzuku. Walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, na vivyo hivyo kwa Kiingereza na Hesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. La nne halikupata kitu.

Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Hapo mhamasishaji anaruka juu kwa furaha: si nilisema, vifaa si tatizo! Ashuke kwanza. Ahadi ya fedha peke yake, yaani mwalimu aliyetiwa ari na kuachwa na mikono mitupu, ilileta matokeo ya kusuasua, yakionekana katika mtihani mmoja na kupotea katika mwingine. Kundi lililopata vyote viwili ndilo lililopanda kwa uhakika, na lilipanda kuliko jumla ya yale mawili ukiyaweka pamoja. Ari na chaki vilizidishana.

Msomaji makini atanishika hapa: si umetoka kusema zawadi huua ari? Zile zilikuwa zawadi kwa watoto waliokuwa wakicheza. Mwalimu hachezi, anafanya kazi, na bila shaka anapenda alipwe kwa kazi iliyozaa. Lakini chukua dai la mhamasishaji kwa ukali wake wote, kwamba yote haya ni suala la kutaka. Walimu wa kundi la pili walitaka. Walikuwa na lengo lenye namba, lenye tarehe, na lenye bei kwa kila mtoto. Katika historia ya elimu yetu ni mara chache mwalimu amewekewa lengo bayana namna hiyo, na bado halikutosha. Binti wetu hakuwekewa hata hilo. Aliambiwa aone fursa 140. Nimejaribu kupiga hesabu ya kuwapanga fursa 140 katika madawati yale, na bado wengine wanakaa chini.

Nne: mtu na wenzake 41

Ukikataa yote hayo utaletewa mwanariadha Eliud Kipchoge wa Kenya. Picha yake haikosekani ukutani, na chini yake kaulimbiu kwamba binadamu hana mipaka. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Nia, wanatuambia. Nia tupu.

Hebu tuhesabu hiyo nia tupu. Wakimbiaji 41 walipokezana kumzunguka ili wamkate upepo na kushika kasi, na miongoni mwao walikuwemo mabingwa wa dunia na wa Olimpiki. Gari lilitangulia likimulika barabarani mstari wa mahali pa kukanyaga. Njia ilichaguliwa kwa unyoofu wake, siku kwa hali yake ya hewa, na kinywaji kililetwa kwa baiskeli ili asipinde hata hatua. Kwa sababu hizo hizo muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Simpunguzii heshima, nasema tu kwamba siku mwanadamu alipoonyeshwa kuwa hana mipaka, zilihitajika jozi 41 za ziada za miguu. Hizo ndizo nauli.

Kuna pia mambo ambayo ukutani hayaandikwi. Kijana huyo wa Nandi alimwendea jirani yake Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992, akaomba msaada. Sang hakumwambia abadili mtazamo. Alimwandikia ratiba ya mazoezi. Na mwaka 2012, baada ya miaka mingi ya kufukuzia medali za uwanjani, Kipchoge alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Kwa mafundisho ya ukumbini alipaswa kung'ang'ania lengo lake, maana washindi hawaachi. Aliliacha. Mwaka 2013 akahamia marathoni, akaanza kwa ushindi Hamburg, na mengine mnayajua. Bingwa wa wasiokata tamaa ni mtu aliyejua lini akate.

Upande wetu wa mpaka kuna hesabu nyingine. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mpaka Olimpiki ya Paris ya 2024 ilipofungwa, Tanzania ilikuwa bado na hizo hizo mbili. Je, nia iliisha Mbulu na Singida mwaka 1980? Miinuko ipo, mapafu yapo, vijana wanakimbia kwenda shule kama wa Iten, Kenya. Iten wana kambi, wana makocha waliokaa miongo mingi mahali pamoja, wana mbio za kila wiki ambazo mtoto anaweza kushindwa mara 30 kabla ya kushinda moja. Na Alphonce Simbu alipotupatia dhahabu ya marathoni ya dunia huko Tokyo mwaka 2025, kwa tofauti ndogo kiasi kwamba mshindi alitambuliwa kwa picha ya mstarini, alikuwa mwanajeshi aliyeajiriwa. Aliyetuma alitoa na nauli.

Tano: lengo lililotimia

Tuseme nimekosea kote, na tatizo letu ni uchache wa malengo. Basi tulitazame taifa lilipojiwekea.

Mwanzoni mwa 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Kilio kikawa kikubwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Mwaka huo huo ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, tulioiga kwa Wamalaysia, na elimu ikapewa malengo ambayo mhamasishaji yeyote angeyabusu: ufaulu ufike asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014, 80 mwaka 2015. Bayana, yenye kupimika, yenye tarehe.

Nini kikafuata? Mipaka ya alama ikapangwa upya. Likatoka tangazo kwamba daraja sifuri sasa litaitwa daraja la tano, na watu wakacheka mpaka machozi. Kisha madaraja yakawekwa kando, ukaja mfumo wa wastani wa alama, wenye majina mazuri ambayo wazazi hawakuyaelewa. Mwaka 2016 ukaondolewa na madaraja yakarudi. Katika pilikapilika hizo ufaulu ulipanda. Mtoto asipofika alama uliyochora ukutani, njia ya mkato inajulikana: unaishusha alama.

Si sisi tu. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwataka wafanyakazi wake wamuuzie kila mteja bidhaa nane. Wakajituma kwelikweli: walifungua akaunti kwa mamilioni kwa majina ya watu wasiojua lolote. Mwaka 2016 benki ikapigwa faini ya dola milioni 185, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Lengo halikuwa na kosa hata la nukta.

Ukitaka kuliona jambo hilo kwa karibu zaidi, panda bodaboda. Dereva mmoja anayenibeba mara kwa mara ana pikipiki ya mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, na akimaliza miezi ya mkataba pikipiki inakuwa yake. Hakuna semina inayoweza kumfundisha kitu kuhusu malengo. Lake lina namba, lina saa, lina jina la mtu atakayempigia simu akichelewa. "Hesabu haina mvua, mzee," aliniambia siku moja tukiwa tumejibanza chini ya bati la duka. "Haina pancha, haina trafiki, haina mtoto mgonjwa." Mvua ilipokatika alikimbia kama aliyefukuzwa, kwa sababu alikuwa amefukuzwa. Ile haraka mnayoilalamikia barabarani, ile ya kupita katikati ya malori mawili, ni lengo lililowekwa vizuri.

Sita, na hii ni fupi: kuota ndoto mchana

Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen aliwafuata wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani waliokuwa wakitafuta kazi. Waliozama zaidi katika kujiona tayari wamefanikiwa, miaka miwili baadaye walikuwa wametuma maombi machache, wamepata kazi chache na mishahara midogo. Ndoto tamu hupumzisha mwili kana kwamba umeshafika. Na bado tunauziwa ubao wa kubandika picha za ndoto, pamoja na gundi.

Nani analipa?

Miaka fulani nilifanya kazi kwa mwajiri ambaye jina lake nitaliacha lipumzike. Mwezi wa tatu alifuta posho ya usafiri. Mwezi wa nne akatuletea mhamasishaji, siku nzima, chakula cha mchana na soda juu. Mada ilikuwa "Mfanyakazi Anayejituma". Baadaye mhasibu, ambaye hakuwa mtu wa kutunza siri, alitudokeza malipo ya mzungumzaji, na tukakaa tukagawanya: yangelipa daladala za idara yetu kwa zaidi ya miezi miwili. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini fundisho hili halikosi mfadhili. Kumwambia mtu tatizo liko ndani yake ni rahisi kuliko kukarabati kilicho nje yake, na lina faida ya pili: akishindwa, hatadai chochote. Atajidai mwenyewe. Yule kijana wa kijiweni wa kwenye hoja yao, muulize leo kwa nini hajafika. Hatataja tena bei ya mbolea wala mjomba aliyemsomesha mwenzake. Atasema, kwa sauti ya mtu anayetubu, "Sikujituma." Hata kuilaumu serikali, haki ya mwisho ya mkaa kijiweni, tumemnyang'anya.

Nitaambiwa nawavunja moyo vijana. Waliovunjwa moyo niliokutana nao walikuwa na ari ya kutosha kugawia mtaa. Mtu anayefundisha miaka mitatu bila mshahara hawezi kuwa na upungufu wa ari. Ana kitu kingine kimepungua, na alikitaja kwa sauti mbele ya watu mia tatu.

Tulipotoka nilimkuta kituoni akisubiri gari. Semina ilikuwa imetugawia daftari dogo lenye jalada la dhahabu, lenye mistari mitano ya malengo yako ya mwaka, na tuliambiwa tuijaze kabla ya kulala. Yeye alikuwa ameshajaza miwili. Nilipomwomba nione alicheka kwanza kwa aibu, kisha akanipa. Mstari wa kwanza: chaki, boksi tatu. Wa pili: mkeka.

"Wa wale wanaokaa chini," akanieleza.